Lori Nililolizuia

Basi lile lori likaondoka bila wewe, baba, na aliyelizuia ni mimi. Si mjomba wako Salumu, si walezi wa kumbini, si yule mganga wa Malolo. Mimi mama yako. Nimeanzia hapo makusudi, maana nikianzia mbali nitazunguka, wewe unanijua, naanza na habari ya msiba nafika kwenye kuku wa jirani. Na Anjela ameshanitisha, anasema karatasi alizokuja nazo ni nne tu. Haya, Anjela, andika mwanangu, usiogope.

Mwambie kwanza kwamba ni wewe unayeandika, asije akadhani nimekwenda kumwaga mambo yake kwa mwalimu wa shule. Ni Anjela, Bakari, yule mkunga wa misheni anayezalisha wanawake wa hapa, wetu na wa Kikristo. Haya maneno siwezi kukwambia kwa mdomo. Mama hataji utupu wa mwanawe aliyekwisha kutoka jando. Hata nikijaribu ulimi utakataa, na wewe utaondoka kabla sijafika katikati. Kwa barua utakaa tu. Utakuwa umo ndani ya treni ya Mtwara, utakwenda wapi?

Mambo ya blanketi, na unga, na kutokunywa maji usiyoyajua, hayo nimeshayasema mpaka umechoka. Leo siyasemi.

Ninalotaka kusema ni la mkeo. Leo hii, baada ya sala ya alasiri, wazee wanakaa uani kwa mjomba wako. Wanataka kesho ukiondoka kwenda kwenye kazi ya bandari, uwe umeshamwacha Somoe, kwa kuwa amekaa kwako mavuno matatu hana mimba. Jana nilikuuliza, wewe unasemaje? Ukasema, "Mama, wakubwa wakishakata, mimi nitasema nini?" Ukaendelea kufunga sanduku lako. Na Somoe sasa hivi yuko nyuma ya nyumba anamenya muhogo, kanga zake ameshazifunga kifurushi. Nani kamwambia afunge? Hakuna. Kajifungia mwenyewe.

Mimi nakwambia, Bakari, kosa la huyo binti halijulikani. La kwangu linajulikana, na ninayelijua ni mimi. Sikiliza.

Ulikuwa mkubwa kuliko wenzio mle kumbini, sauti ilikuwa imeanza kuwa nzito. Ulichelewa kutiwa jando kwa sababu baba yako alikuwa Nachingwea kwa Wazungu wa mashamba ya karanga, anang'oa visiki nyuma ya matrekta. Miaka ile hukuwa umefika kule. Vumbi na kelele, miti inaangushwa kwa minyororo mchana kutwa, mpaka nyani wakahama, wakaja huku kwetu Ruangwa kutumalizia mahindi. Nilimpiga mmoja kwa mchi, akanitazama kama mkwe aliyetukanwa. Naam, Anjela, narudi.

Mwiko unaujua. Mtoto akiwa kumbini, mama yake hali chumvi, hajipaki mafuta, halali na mume, mpaka kidonda cha mtoto kikauke. Mama akivunja, wanasema mtoto atavimba, awe wake au wa mwenzake. Chumvi niliacha. Mafuta niliacha, ngozi ikawa kama ya kenge. Lakini nikampelekea baba yako unga Nachingwea, nikafika nimechoka, jua limekwisha, akaniambia, "Lala, utaondoka kesho." Mbona umesimamisha kalamu, Anjela? Andika hivyo hivyo. Huyu ni mtu mzima, ana mke. Nilikuwa mwanamke, yeye alikuwa mume wangu, na nilikuwa nimemkumbuka. Nikarudi kwa miguu naimba.

Hazikupita siku tatu. Asubuhi tunatwanga mtama, nikamwona mlezi wako anakuja kutoka kumbini. Akasimama mbali, maana hakutakiwa kutukaribia. Akasema, "Mama Bakari, mwanao kaamka na maumivu kabla ya jua kutoka. Kidonda hakina neno, kimekauka. Ni kule chini, upande wa kushoto. Kaamka usingizini anapiga kelele, na sasa anatapika."

Nikamwuliza, "Amevimba?"

Akasema, "Ameanza."

Mchi ukanitoka mkononi.

Yule mlezi alikuwa na akili. Alikuwa ameshapita sokoni, amelikuta lori la watu wa karanga limeleta mizigo linarudi Nachingwea, na hospitali ilikuwa huko huko. Akasema, "Dereva kakubali. Anasema kabla jua halijafika utosini mtakuwa mmeshafika. Nimlete?"

Nikasema, "Hapana. Asipelekwe. Ngojeni, dawa yake ninayo mimi."

Hayo ndiyo maneno yangu, Bakari. Nimeyabeba tangu siku ile. Watu wakaja kusema mjomba wako alikataa, wengine wakasema ngariba alikataa. Hakukataa mtu. Mlezi aliniuliza mara mbili. Mara ya pili dereva alikuwa ameshawasha gari, tunalisikia, na mimi nikatikisa kichwa.

Kwa nini? Nimejidanganya miaka mingi kwamba niliamini Mzungu hana dawa ya mwiko uliovunjwa. Ni kweli niliamini. Lakini hilo lilikuwa la pili. La kwanza, nilijua ukipandishwa kwenye lori mji mzima utaona, na wazee watatuuliza kina mama mmoja mmoja, nani amelala na mume. Nilitaka upone kabla ya mtu kuuliza. Aibu yangu niliiweka mbele, mwanangu nikamweka nyuma. Nikashika njia ya Malolo kwa mganga, mbio, jua kali.

Nikarudi jua limeinama. Nikampa mlezi dawa, akaipeleka. Baada ya kitambo akarudi anacheka. "Mama Bakari, maumivu yamepungua! Kalala." Nilipiga vigelegele, baba. Nilipiga vigelegele pale pale, na jogoo wangu mwekundu nikamfunga miguu nikamtuma kwa yule mganga.

Furaha ile ndiyo inayoniuma kuliko yote. Utaona kwa nini.

Wazee waliuliza hata hivyo, jioni ile ile. Walituita kina mama. Nikatazama chini kama wenzangu. Wakamshika Binti Issa, mama wa mmoja wa wenzio wa kumbini, kwa kuwa mumewe ndiye peke yake aliyekuwa nyumbani, hakwenda kwenye karanga. Akaapa, hawakumsikiliza. Wakamnyoa nywele, wakamwogesha dawa njia panda, watoto wanamzomea, "Mvimbisha watu! Mvimbisha watu!" Na mimi nimesimama pale, mtungi wa maji wa kumwogeshea nimeubeba mimi. Kesho yake akafunga vitu akahamia kwao Nanganga na mumewe.

Na kesho yake hiyo hiyo homa ikakupanda. Hapo mlezi hakuniuliza tena. Wakakubeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata gari, tukafika Nachingwea. Daktari akakutazama mara moja tu, akaanza kupiga kelele kwa lugha yao. Wakakulaza kwa dawa ya usingizi, wakapasua.

Aliyetoka kuniambia alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, Mmakua mmoja mpole, mwenye koti jeupe. Akanikuta nje nimekaa chini. Akachuchumaa, akaniuliza, "Mama, umewahi kufuga mbuzi?" Nikaona huyu ana wazimu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mbuzi ukimfunga kwenye kigingi, akazunguka, akazunguka, kamba inaishia shingoni, si ndiyo? Nani kamfunga shingo? Hakuna. Kajizungusha mwenyewe. Sasa kokwa ya mwanao nayo imening'inia kwenye kamba. Ndani ya kamba hiyo mna mishipa ya damu. Ya mwanao ilizaliwa haijashikwa vizuri na nyama za pembeni, inacheza. Imejizungusha usingizini. Kamba imesokotwa, damu haipiti. Tumeikuta nyeusi, mama. Imekufa tangu jana. Tumeitoa."

Nikasema, "Lakini jana maumivu yalipungua! Nilimpa dawa!"

Akanitazama. Kisha akasema, "Yalipungua kwa sababu ilikuwa imekufa. Kilichokufa hakiumi."

Nikamwuliza, na lori la asubuhi? Akasema mgonjwa kama huyu, akipasuliwa kati ya jua kuchomoza na jua kufika utosini, mara nyingi kamba inafunguliwa, damu inarudi, kokwa inapona. Jua likishapita utosini, kila linavyoshuka na yenyewe inakufa zaidi. Likizama, imekwisha.

Nikamwuliza na la mwiko. Kwa sauti ya chini, lakini nikauliza. Nimelala na mume wangu, je, ndiyo sababu? Hakucheka. Akasema, "Mama, Wazungu hawana jando kama letu, na watoto wao hupata. Nimewaona hata wasiokuwa na mama. Kamba haijui nani kalala na nani."

Nilimwambia baba yako usiku wake. Akasema, "Tunyamaze. Mtoto yuko hai." Tukanyamaza. Baba yako akafa na ukimya wake, Mungu amrehemu. Wangu leo nautoa.

Sasa haya yanayofuata ni ya Anjela, mimi nayasema tu anavyonieleza, akiona nakosea atanisahihisha. Nimemwuliza, huyu mwanangu amebaki na moja, je, anaweza kuzaa? Amesema wengi wenye moja wanazaa, tena watoto wengi. Ile moja ikiwa nzima inatosha. Na yako iliyobaki siku ile waliishona ndani kwa uzi isije ikazunguka nayo. Kwa hiyo usikae ukadhani umekwisha. Vijana waliokuita Bakari Upande, wakasema upande wa kushoto ndio wa watoto wa kike, hao ni wapumbavu, Anjela anasema hakuna upande wa kike wala wa kiume. Mmoja wao, nikutajie? Simtaji. Ana kokwa zote mbili na hana watoto hata wa dawa.

Lakini Anjela amesema na la pili, na hili ulishike. Ndani ya kokwa mna vijumba vidogo sana, jicho halivioni, wao wanaviita chembe. Chembe hizo zinaishi kwa damu kama sisi tunavyoishi kwa pumzi. Damu ikizuiwa, zinakabwa. Tena hazifi zote pamoja. Zinazotengeneza mbegu ya mtoto ni laini, ndizo zinazokufa mwanzo. Zile zinazoleta ndevu na sauti nzito na nguvu za mwanamume zina roho ngumu, zinavumilia zaidi. Umesikia hapo? Mtu anaweza kuwa na ndevu, na sauti, na nguvu kitandani, na mbegu hana. Na wakati mwingine ile ya pili inayobaki nayo haikuwa na afya tangu mwanzo, au inadhoofika, na kwa nje huoni kitu.

Nimekueleza hilo kwa sababu namjua mjomba wako. Juzi alikuwa anasema barazani, "Bakari ana ndevu kama beberu, sauti yake inafika Mbwemkuru. Mgumba ni huyo mwanamke." Nilikuwa napita na kuni. Nilitaka kumtupia gogo. Ndevu hazisemi kitu, Bakari! Zinasema una ndevu.

Basi nani hazai, wewe au Somoe? Mimi sijui. Anjela hajui. Anjela mwenyewe alimpima Somoe, nilimpeleka mimi mwezi uliopita, hukujua. Anasema damu yake inakuja kwa siku zake, tumboni haoni ubaya kwa mkono wake, lakini naye haapi. Wote wawili mnaweza kuwa wazima na Mungu bado hajataka. Mungu mwenyewe hajasema, Salumu kashasema.

Nataka ukifika Mtwara, ukishapata pa kulala, uende hospitali. Uwaambie ulipasuliwa, uwaonyeshe kovu. Anjela anasema hospitali kubwa wana chombo cha kukuzia vitu, wanaangalia manii, kama mbegu zimo, kama ni nyingi, kama zinatembea. Utapewa kichupa. Anjela anacheka hapa, wewe cheka tu mwanangu, hata mimi nimecheka. Aibu ya kichupa ni ya asubuhi moja. Yangu mimi nilikataa kuiona asubuhi moja, imekaa nami mpaka mvi. Kama Mtwara hawana, watakwambia wapi wanayo. Uende huko.

Wakikuta mbegu zimo, vizuri, mtangoja na Somoe kama watu wengine wanavyongoja. Wakikuta hazimo, utamwandikia mkeo wewe mwenyewe, si mimi, si mjomba. Utamwambia ukweli, naye atachagua. Akitaka kuondoka aende akiwa ameinua uso, watu wakijua hakufukuzwa kwa ubovu. Akitaka kubaki, nitakuwa na binti mpaka nife, na wapwa zako wamejaa humu ndani, wanatosha kuangusha nyumba. Ukoo wetu hauishi kwako, unapita kwa dada zako, kwa hiyo hao wazee wasikutishe na habari ya ukoo kukatika.

Na hao wapwa zako, wakikua. Mmoja wao akiamka siku moja anashika kule chini kwa maumivu ya ghafla, upande mmoja, awe kumbini, awe shambani, awe wapi, usimwulize mtu. Mbebe. Hata kama maumivu yamepoa, mbebe.

Mwaka jana nilikwenda Nanganga. Nilikwambia nakwenda kuomba mbegu za ufuta. Nilikwenda kwa Binti Issa. Amezeeka, macho yanamwuma, lakini mdomo ni ule ule. Nikapiga magoti mlangoni kwake, nikamwambia yote. Alikuwa anapepeta, hakuacha kupepeta. Akasema, "Nilijua ni wewe."

Nikasema, "Ulijuaje?"

"Ulirudi Nachingwea unaimba. Mwanamke aliyetembea njia yote ile kwa unga tu haimbi."

Nikamwuliza mbona hukusema. Akasema, "Ningesema, wangekunyoa wewe, na mimi wangeniacha na nywele zangu. Mtoto wako angepona?" Kisha akasema, "Ondoka mlangoni, unanizibia mwanga." Lakini nilipoondoka alinipa ufuta. Ndio ule uliokula na asali.

Sikwenda kwake nitulie roho. Roho haijatulia. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeshaona wanavyomtazama Somoe kisimani. Ni macho yale yale. Mara ya kwanza nilimbebea mwenzangu mtungi wa kumwogeshea aibu yangu. Sitambebea mwingine.

Kwa hiyo ukisoma hapa, utakuwa umeshanisikia uani kwa mjomba wako. Utakuwa umekasirika, au umeona haya, sijui. Pale mbele ya wanaume sitataja kamba wala kokwa wala kichupa, hayo nimeyaweka humu, ni yako. Pale nitasema kwamba mwaka ule aliyevunja mwiko ni mimi, si Binti Issa, na kwamba mwiko haukukuvimbisha, kilichokuharibu ni mimi kulizuia lori nikiogopa kuulizwa. Nitasema hakuna atakayemwita Somoe mgumba mpaka mwanangu apimwe. Wakitaka kuninyoa, waninyoe, nywele zenyewe zimebaki ngapi? Mjomba wako atasema dada amechanganyikiwa. Atasema hivyo, namjua, tulinyonya ziwa moja. Nitamwacha aseme, kisha nitarudia tena, polepole, mpaka asikie hata yule kiziwi anayekaa karibu na mlango.

Usinitetee, Bakari. Wala usiinuke kunitoa nje. Wewe wakikuuliza, sema neno moja tu, sema, "Nangoja vipimo." Hata ukinyamaza nitasema mimi, lakini ukisema wewe, Somoe atalisikia, maana nimemwambia akae nyuma ya ua wa makuti pale, asiondoke.

Anjela, imebaki nafasi? Kidogo. Basi mwandikie pia kwamba korosho zile zilizo kwenye mfuko wa

Anaita. Umesikia? "Dada! Wazee wamekaa! Lete maji ya kunawa!"

Naam, Salumu! Nakuja!

Funga barua, Anjela, usiweke maneno mengine. Maji mwambie mke wa Salumu awapelekee. Mimi nakwenda kusema.